Gunzi la Tangi na Miwani ya Dani

Siku wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja kuichukua pikapu ya baba, Shangazi Rosa alitoka Masara alfajiri kuja kuiaga. Ndiyo, kuiaga. Alikuja amejifunga kitenge chake cha msiba, akaizunguka pikapu mara mbili, akaipapasa boneti kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe anayekamuliwa, kisha akalia. Wale vijana wa vyuma wakatazamana. Mmoja akanisogelea.

"Madam, huyu mama alikuwa dereva?"

"Hata baiskeli hajawahi kuendesha," nikamwambia.

"Sasa analilia nini?"

"Ni hadithi ndefu. Pakia mzigo."

Wao wakaendelea kufunga minyororo, mimi nikaenda ubavuni mwa gari, pale kwenye mdomo wa tangi, nikachomoa gunzi la mahindi. Lilikuwa limekauka hadi limekuwa jepesi kama unyoya. Pikapu ilikuwa haijaonja petroli kwa miaka mingi, lakini gunzi lilikuwa bado linanuka, na harufu ile ilinirudisha utotoni kwa kasi ambayo pikapu yenyewe haikuwahi kuifikia, hata ilipokuwa ikiteremka mlima bila breki.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Kifuniko cha tangi kikipotea, na kilipotea kila mara, hakuna aliyekwenda dukani kutafuta kingine. Ulikwenda jikoni, ukatafuta gunzi linalotosha, ukalikata kwa panga, ukalidunga. Ninakuapia kwamba nusu ya magari ya Migori siku hizo yalitembea kwa mahindi. Ng'ombe akipita karibu, mwenye gari alisimama kando ya tangi kulinda.

Baba alikuwa fundi wa magari ya zamani. Gereji yake ilikuwa uwanja mtupu nyuma ya soko, haina ukuta wala paa, ila mawe manne, kreti la soda la kukalia, na magari ambayo hata walioyaunda walikuwa wameshayasahau. Watu walisema sikio lake lingeweza kusikia kabureta mbovu ikivuka mpaka kutoka Tanzania. Watu hao, nikumbuke vizuri, nilikuwa mimi. Lakini kweli alikuwa na sikio. Gari likiletwa linakohoa, hakukimbilia spana. Aliinama, akasikiliza, akanusa, kisha akasema maneno yaleyale.

"Gari la zamani halina hila. Linataka vitu vitatu: petroli, moto na hewa. Likizima, uliza kipi hakijafika. Usiulize nani amelogwa."

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilikuwa nimeyajua masomo hayo kabla ya jedwali la saba. Petroli ifuate kama unavyofuata nyayo za mwizi wa mbuzi. Anzia kwenye tangi. Ipo? Fuata paipu hadi pampu. Imefika? Fuata hadi kabureta. Imeingia? Pale nyayo zinapokatika, hapo ndipo mwizi alipo. Na paipu ikivuja, usilie, tafuta sabuni ya kipande, ikande, bandika. Petroli haiyeyushi sabuni. Niliwahi kumwambia mwalimu wangu wa darasa la tatu jambo hilo katikati ya somo la dini, akanitoa nje.

Pembeni ya gereji, chini ya mwavuli mweusi, alikaa Dani. Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Alikuwa ametoka kwao kando ya ziwa, mbele ya Kendu Bay, akaja kukaa nasi Migori miguu ilipomchoka. Alikuwa Msabato wa kweli, wa kufua nguo zote Alhamisi ili Ijumaa isimshtukize. Alisoma Biblia mchana kutwa huku baba akipiga nyundo, na kila upepo ulipomletea harufu ya petroli alikunja pua.

"Hii ni harufu ya jehanamu kabla haijawashwa," alikuwa akisema.

"Mama, ndiyo inakununulia sukari," baba alimjibu kutoka chini ya gari.

"Hata sukari inanuka."

Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja tu wa kweli. Mguu wa pili ulikuwa uzi wa wavu wa samaki aliokuja nao kutoka ziwani, akauzungusha nyuma ya sikio. Miwani ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. "Nitazikwa nayo," aliniambia zaidi ya mara mia nane. "Babu yako alikufa macho yangu yakiwa bado mazima. Nikienda bila miwani nitampita kando, nimwamkie mwanamume mwingine. Unataka nipate aibu huko?"

Nilisema hapana, sitaki upate aibu.

Kisha Dani akafa. Alilala Jumatatu mchana na hakuamka, na miwani ikabaki dirishani juu ya Biblia. Nilikuwa wa kwanza kuingia chumbani baada ya watu wazima kutoka kuitana. Niliichukua. Sikuiba, naomba mnielewe. Nilitaka kuivaa mara moja tu nione alichokuwa akikiona Dani. Niliona ukungu. Kabla sijairudisha, nyumba ikajaa watu, na nikaitia ndani ya soksi yangu. Jioni wanawake walipokuwa wakimwandaa, mmoja akauliza, "Miwani ya mama iko wapi?" Shangazi Rosa akapiga magoti akatafuta chini ya kitanda, akakung'uta shuka, akapekua hata ndani ya sufuria. Mimi nilisimama mlangoni miwani ikinichoma kifundo cha mguu. Nilinyamaza.

Huyu Shangazi Rosa alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameolewa Masara na mchimba dhahabu, mtu wa kushuka shimoni na tochi kichwani, na Dani hakumtaka mkwe anayeishi kama panya buku. Maneno yalisemwa, mlango ukafungwa. Miaka ikapita bila Rosa kufika kwetu, na Masara si Ulaya, ni hapo tu. Msiba ulipotangazwa alikuja siku hiyohiyo akapika, akafua, akachota maji, lakini hakutoa chozi hata moja. Kwa Wajaluo, mtoto wa marehemu asipolia, vichwa hugeuka. Vichwa viligeuka.

Mazishi yalipangwa Ijumaa, huko nyumbani kando ya ziwa. Mnaojua Wasabato mnajua maana yake. Jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, na hakuna anayeshika jembe. Mzee wa kanisa alikuwa ametuma ujumbe kwamba tusipofika kabla ya jua kuzama tutazika Jumapili. Na kaburi lilikuwa limeshachimbwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa mila yetu, kaburi lililochimbwa halilali mdomo wazi bila mwenyewe, kwa sababu litamtafuta mtu mwingine wa kulijaza. Kwa hiyo tulikuwa na Mungu upande mmoja na mila upande mwingine, na katikati yao pikapu ya baba.

Alhamisi baba alijaza tangi kwa jerikeni hadi petroli ikachungulia mdomoni. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Akanikabidhi gunzi.

"Adhis, ziba vizuri."

Nililitazama lile gunzi. Nikawaza: kesho Dani atalala nyuma kutwa nzima, pua yake iko futi tatu kutoka kwenye harufu ya jehanamu. Basi nikafanya kazi ambayo sijawahi kufanya tena kwa upendo ule. Nililivika gunzi karatasi ya nailoni, nikalizungushia ukanda wa mpira wa tyubu, nikalidunga, nikalipiga kwa jiwe likazama. Kisha nikakanda sabuni ya kipande kama unga wa chapati, nikaibandika kuzunguka mdomo wote, nikailainisha kwa mate. Haikutoka harufu hata chembe. Asubuhi baba alipita pale, akanusa, akasema, "Leo hainuki. Vizuri," na nikaona fahari ambayo hata cheti changu cha shule hakijanipa. Kisha akafunga turubai juu ya jeneza, likaning'inia ubavuni kuzuia vumbi, likaufunika mdomo wa tangi.

Kwa sababu karatasi za mochari zilichelewa, tuliondoka Migori adhuhuri. Mama alikuwa ametangulia na masufuria. Mbele tulikaa watatu: baba kwenye usukani, mimi katikati, na baba mdogo Ochieng dirishani. Nyuma, kwenye benchi kandokando ya jeneza, walikaa Shangazi Rosa na wanawake wanne wa kanisa wakiimba.

Tulipita Uriri vizuri. Kilomita chache mbele pikapu ikaanza kukohoa, ikavutika, ikazima. Wimbo ukakatika nao.

Baba akashuka, akafungua boneti. Petroli kwenye tangi alijua ipo, alijaza mwenyewe. Akaanza kufuata nyayo. Akafungua paipu kwenye pampu, petroli haikuja. Akaitia paipu mdomoni, akapuliza kurudi nyuma kwa nguvu zake zote, na kutoka tangini ikasikika gulugulu kama fisi anayekunywa maji. Akatema mate. Petroli ikaja.

"Uchafu," akasema. "Umeondoka."

Tukawasha, tukaenda. Baba mdogo akanikonyeza. "Baba yako ni daktari wa vyuma." Nikakubali.

Tulipopita Awendo, kwenye mashamba ya miwa, ikakohoa tena. Ikazima.

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba gari la maiti si kama magari mengine. Likizima mara moja, ni gari. Likizima mara ya pili, watu hawaangalii boneti, wanaangalia jeneza. Marehemu amekataa. Kuna jambo halijasemwa, na hatakwenda hadi lisemwe. Wanawake wa kanisa, pamoja na Usabato wao, walikuwa tayari wanamtazama Rosa.

Baba hakutaka kusikia. "Ni joto," akasema. "Pampu imechemka, petroli inageuka mvuke ndani ya paipu." Akalowesha kitambaa, akaifunika pampu, akasema tungoje ipoe. Tukangoja. Jua lilikuwa kali, na baba mdogo Ochieng, ambaye nyuma yake kulikuwa na mambo, hakuweza kustahimili kungoja. Akavua kofia, akaenda kusimama karibu na jeneza.

"Mama," akasema. "Ile chupa yako ya asali uliyokuwa ukiificha ghalani. Unakumbuka ulisema nyuki wa siku hizi ni wavivu, asali yao ni maji? Si nyuki."

"Ochieng," mwanamke mmoja akasema, "hiyo ndiyo uliyoleta hapa?"

"Wacha nimalize. Na yule jogoo mwekundu hakuchukuliwa na mwewe. Mama, mwewe hana makosa. Nisamehe, twende nyumbani."

Baba akapiga stata. Pikapu ikawaka.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliingia akiwa ametoa jasho lote alilozaliwa nalo. "Umeona?" akamwambia baba. Baba akasema, "Ni kitambaa," lakini alisema polepole.

Tukashika njia ya Homa Bay pale Rongo. Baba alisimama mara mbili kukilowesha tena kitambaa ili kisikauke. Pamoja na hayo, katikati ya safari, mbali na mji wowote, pikapu ikazima mara ya tatu. Baba akaigusa pampu. Ilikuwa baridi kama mtungi. Akafungua kikombe cha kioo kinachonasa uchafu chini yake, akakiinua juani, kikang'aa, hakina hata chembe. Akakifunga. Niliona mikono yake ikining'inia. Baba yangu hakuwa mtu wa mikono kuning'inia. Akaenda akakaa juu ya tairi la akiba kando ya barabara, mgongo kwetu.

Hapo Shangazi Rosa akasimama, pale pale kwenye benchi, akashika ukingo wa jeneza. Hakupaza sauti. Hata hivyo nadhani hata miwa ya Awendo, huko nyuma tulikotoka, ilimsikia.

"Mama. Ulikuja Masara."

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Ulikuja wakati wa mvua, ukiwa na kikapu. Ukapiga hodi. Nilikuwa ndani. Nilikuona kwenye ufa wa mlango. Ulikuwa umeleta samaki, umewafunga kwa majani, maji yanakudondoka usoni. Ukaita jina langu la utoto. Nilinyamaza. Ukakaa kwenye kizingiti, sijui muda gani. Nami nilikaa upande wa ndani, mgongo wangu kwenye mlango huohuo. Kisha ukaenda. Samaki uliwaacha." Akalipapasa jeneza. "Tuliwala, Mama. Walikuwa watamu. Sikuwahi kumwambia mtu."

Baba alikuwa amegeuka pale kwenye tairi, anamtazama dada yake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Akainuka, akaingia garini, akapiga stata.

Ikawaka.

Tulikwenda hadi tukaupita mji wa Homa Bay. Nyuma walikuwa wameanza wimbo mwingine, safari hii kwa sauti za chini, na nilisikia mwanamke mmoja akimwambia Rosa, "Sogea hapa karibu nami." Baba aliendesha macho yakiwa na maji. Mara akasema, si kwangu wala kwa Ochieng, "Labda kweli Mama hakutaka kwenda."

Yale maneno yalinitisha kuliko maiti. Baba, mtu wa petroli, moto na hewa. Kama hata yeye alikuwa amekubali kwamba ni Dani, basi ni Dani. Na kama ni Dani, mimi nilijua shida yake. Asali na samaki vilikuwa vitu vidogo, alivisamehe kwa kilomita chache chache. Alikuwa anasubiri miwani. Angefikaje kwa babu bila miwani? Ndani ya soksi, ule uzi wa wavu ulianza kunikaza kama unavutwa.

Barabara ya kwenda Kendu siku hizo ilikuwa mawe yaliyotupwa na mtu mwenye hasira. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, jua nyuma, limebakiza kama viganja viwili. Na hapo, mahali pasipo na mti wala nyumba, pikapu ikakohoa mara ya nne.

Hakuna aliyeshuka. Ochieng akaangalia saa, akaangalia jua, akaona haviafikiani na sisi. "Nani bado?" akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba. Wanawake wakatazamana. Mmoja akakumbuka kwamba aliwahi kumsengenya Dani kuhusu kofia, akalisema haraka haraka. Baba akapiga stata. Haikuwaka.

Nilimruka baba mdogo, nikatoka, nikaenda nyuma nikapanda gurudumu. Nilikuwa nimeamua kusema yote, tangu mwanzo, nisiache kitu, maana niliona wenzangu waliposema nusu, gari lilivyotuzimikia tena mbele.

"Dani, ni mimi Adhiambo. Miwani ninayo. Nimeiweka kwenye soksi." Nikaitoa, nikaiweka juu ya jeneza. Shangazi Rosa akaweka mkono mdomoni. "Nilitaka kuona tu. Na wakati shangazi anaitafuta niliona nikanyamaza. Na ile ndizi ya Jumapili nilikula mimi. Na nilikwambia nimesali, sikuwa nimesali. Lakini pia nilikufanyia vizuri. Nilipaka sabuni ili usisikie harufu. Nilifunga nailoni na mpira na sabuni nyingi. Kwa hiyo nisamehe, twende, jua linaingia."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikujua.

"Adhis," akasema. "Sabuni gani?"

"Ya kipande."

"Uliipaka wapi?"

"Kwenye gunzi. Ili jehanamu isimfikie."

Baba alikwenda ubavuni, akalitupa turubai juu, akasimama akitazama kazi yangu, ile sabuni imekauka ikawa kama saruji. Akaingiza bisibisi, akaibandua kipande kwa kipande. Kisha akalishika gunzi kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye gurudumu, akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Likatoka. Na tangi likavuta pumzi.

Sijui niiandike vipi sauti ile. Ilikuwa fyooo ndefu, ya ndani, ya mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Kwa masikio yangu ya miaka tisa ilidumu muda wa wimbo mzima. Wanawake wote waliisikia. Mmoja akasema kwa kunong'ona, "Amepumua."

Shangazi Rosa akateremka chini taratibu hadi akakaa vumbini, na hapo ndipo alipolia, kilio cha miaka yote ile, akimwita mama yake kwa majina yote aliyokuwa nayo. Ochieng alimshika bega, naye analia.

Baba alisimama na gunzi mkononi, nailoni inaning'inia, sabuni imemjaa kucha. Niliona mdomo wake ukifunguka. Nilimjua baba yangu, najua somo lililokuwa linakuja: petroli, moto na hewa. Akamtazama dada yake pale chini. Mdomo ukafungwa.

"Amekubali," akasema. "Pandeni."

Tulifika jua limekaa juu ya ziwa kama chungu juu ya jiko. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama kando ya kaburi akilitazama jua badala ya kututazama sisi. Baba alilifungua jeneza kwa bisibisi ileile ya sabuni, akamvalisha Dani miwani, akauzungusha uzi nyuma ya sikio. Koleo la mwisho la udongo lilipotua, mimi nasema jua lilikuwa bado lina unene wa ukucha. Ochieng anasema lilikuwa limeshazama na Mungu alilishikilia kwa nyuma. Tuliache hapo.

Jumapili, kabla ya kurudi Migori, baba aliniita kwenye pikapu. Alikuwa na chupa tupu ya soda. "Nyonya hewa yake," akasema. Nikanyonya, chupa ikanishika mdomo, ikaning'inia kwenye midomo yangu. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Tangi likitoa petroli lazima liingize hewa mahali pake. Gunzi tupu linavuja hewa, ndiyo maana linafaa. Wewe ulilifunga tangi pumzi. Pampu ikavuta, ikavuta, ikashindwa. Tukingoja, hewa kidogo inapenya, gari linawaka. Ile mara ya kwanza nilipopuliza paipu, nililipa hewa mimi mwenyewe, nikadhani ni uchafu." Akatikisa kichwa. "Kila siku nasema hewa. Sikuwahi kufikiri kwamba tangi nalo linaitaka."

Nikaitoa chupa mdomoni. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe."

"Na Dani hakukataa?"

"Mama yangu alikuwa amelala tu."

"Nimwambie shangazi?"

Baba akanishika mkono, si kwa nguvu. Alikuwa anaangalia kule jikoni, Rosa akiwa amekaa na wanawake, anasimulia kitu, wanacheka. "Ule mlango wa Masara ameubeba mgongoni miaka yote. Ameutua barabarani juzi. Ukimwambia ilikuwa sabuni, atarudi kuuchukua."

Sikumwambia. Nilikua, shule ikakatika, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kusoma masomo ya jioni pamoja na akina mama wenye miguu iliyovimba kama yangu. Mwalimu wa fizikia alipofika kwenye mgandamizo wa hewa niliinua mkono nikatoa mhadhara wa dakika arobaini. Wanafunzi walinipigia makofi. Hata pale, jina la Rosa sikulitaja. Baba naye alikwenda na siri yake, tukamlaza karibu na mama yake.

Basi ile siku ya vyuma chakavu, pikapu ilipokwisha kuvutwa juu ya lori, Shangazi Rosa alinikuta nimesimama na lile gunzi. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hilo la nini?"

"La kuwashia jiko," nikasema.

Akalitazama gunzi. "Adhiambo, unadhani siku ile mimi nilikuwa nimekaa wapi? Tangi lilikuwa hapa." Akaonyesha pembeni ya goti lake. "Sabuni yote ilibanduliwa mbele ya macho yangu. Mimi ni mke wa mchimba dhahabu, hewa ya shimoni naijua. Ile fyooo niliielewa kabla baba yako hajafunga mdomo."

Nililishusha gunzi. "Na hukusema kitu? Miaka yote hii tumekuficha."

"Ningesema nini? Mlango nilikuwa nimeshaufungua. Nani angeurudisha?" Akaitazama pikapu ikiondoka juu ya lori, tairi zake zikiwa hewani. "Na mlivyokuwa mnajitahidi kunificha, wewe na baba yako, niliona niwaache mfurahi."

Kisha akaninyang'anya gunzi, akalipeleka puani, akavuta kwa nguvu, akapiga chafya mbili.

"Mama alisema kweli," akasema. "Jehanamu tupu."

Akalifunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda nalo Masara.